Kubadilisha msimamizi wa madirisha huku kazi ikiwa wazi

Msimu wa korosho ukianza, kompyuta za makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika wa mazao) huku Tandahimba na Newala hazizimwi ovyo. Jedwali la uzito liko wazi, orodha ya wakulima iko wazi, na mnada hausubiri mtu. Hapo ndipo fundi anapopigiwa simu: "Fundi, mashine imekuwa nzito, ila tafadhali usinifungie madirisha yangu." Kwenye Linux inayotumia X, yaani mfumo unaochora madirisha kwenye skrini, ombi hilo linatekelezeka: unabadilisha msimamizi wa madirisha aliye mzito kwa mwepesi, programu zikiwa wazi.

Seva ya X haijui kupanga madirisha. Inachora, inapokea mausi na kibodi, basi. Kuliwekea dirisha fremu na kichwa, kulisogeza, kulificha, hayo yote yameachiwa programu nyingine ya kawaida, msimamizi wa madirisha: xfwm4, Openbox, Fluxbox, i3 na ndugu zao. Ndivyo mambo yalivyo tangu X11 ilipotoka mwaka 1987. Msimamizi huyu ni kama mtunza ghala: magunia anayapanga yeye, lakini korosho si zake, na akiacha kazi haondoki nazo.

Haikubaliki, hata hivyo, wawe wawili kwa wakati mmoja. Msimamizi huiomba seva impitishie maombi yote ya madirisha yanayotaka kufunguka au kubadili ukubwa, na ruhusa hiyo hupewa programu moja tu. Wa pili akiiomba hujibiwa `BadAccess`, na wengi wao hapo hukata tamaa wakitangaza kwamba kuna mwenzao tayari. Ndiyo maana ukiandika `openbox` peke yake ndani ya Xfce, mazingira ya eneokazi ambayo msimamizi wake ni xfwm4, hakuna kinachotokea. Amri sahihi ni hii:

`setsid openbox --replace >/dev/null 2>&1 &`

Neno `--replace` humfanya mgeni achukue umiliki wa alama iitwayo `WM_S0` (hiyo sifuri ni namba ya skrini). Mwenyeji akiona alama imechukuliwa, anatakiwa kuachia madirisha na kuondoka. Fremu zake zinakufa naye, lakini madirisha yaliyokuwa ndani hayafi, kwa sababu alikwisha yaandikisha kwenye seva kama vitu vya kuokolewa. Seva huyarudisha kwenye skrini, na mgeni huyavisha fremu zake. Karani ataona vichwa vya madirisha vikitoweka kidogo kisha kurudi na sura nyingine. Jedwali lake halijaguswa.

Hiyo `setsid` usiiache. Bila yake msimamizi mpya anabaki mtoto wa terminali, na ukiifunga terminali anaweza kufa nayo. Ikitokea, madirisha yanabaki bila vichwa, yamerundikana, na pengine kibodi haiandiki popote. Usizime mashine. Bonyeza Ctrl+Alt+F2, ingia kwa jina lilelile la mtumiaji, kisha andika `DISPLAY=:0 setsid xfwm4 &`, halafu urudi ulikotoka.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujagusa chochote: nani anakishikilia kipindi (session), yaani programu ambayo ikifa kila kitu kinafungwa? Kwenye Xfce ni `xfce4-session`, kwa hiyo msimamizi akiondoka kipindi kinaendelea. Lakini kama mtu ameandika `exec openbox` mwishoni mwa `.xinitrc`, faili linaloeleza X ianze na programu zipi, Openbox ndiye kipindi chenyewe. Akiondoka, X inafunga, na kila kitu cha karani kinakwenda naye. Kwenye mashine ya namna hiyo, acha kazi ihifadhiwe kwanza, tena wewe ukiwa umesimama pale. GNOME nayo, mazingira mengine ya eneokazi, iache kama ilivyo: msimamizi wake ameunganishwa ndani ya GNOME Shell, hatenganishwi.

Dirisha likipotea baada ya kubadilisha, mara nyingi liko kwenye eneokazi (workspace) jingine. `wmctrl -l` huorodhesha yote, na namba ya safu ya pili ndiyo eneokazi. `wmctrl -R` ikifuatiwa na sehemu ya jina huliita lije ulipo.

Tena, nusu ya mashine nzito ninazoletewa hapa Mtwara hazihitaji msimamizi mpya. Zina kadi za picha za zamani zinazohangaika na vivuli na uwazi wa madirisha. Kwa Xfce jaribu kwanza kuvizima: `xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false`. Ikipona, funga begi, pokea nauli yako.

Yote haya ni ya X. Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, kazi ya seva na ya msimamizi vimewekwa katika programu moja, kwa hiyo hakuna wa kumpokea mwenzake. Andika `echo $XDG_SESSION_TYPE` kabla ya kumwahidi karani chochote. Ikijibu `wayland`, mwambie ahifadhi jedwali, atoke, aingie upya.