Pua Si Kipimo: Dhana Potofu Kuhusu Gesi ya Mayai Viza

"Daktari, asubuhi harufu ilikuwapo, baadaye ikaisha, ndipo tukashuka shimoni." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na fundi mwenye miaka mingi kazini. Nimeshachoka kuisikia kauli hii, maana anayenisimulia daima ni yule aliyebahatika kupanda juu.

Tunazungumzia haidrojeni salfaidi, gesi ya visima vya mafuta, viwanda vya ngozi na karatasi, mashimo ya maji taka na ya samadi. Ikiwa kidogo sana, hata chini ya sehemu 1 kwa milioni ya hewa, pua huinasa mara moja: mayai viza. Hapo ndipo watu wanapopata imani kwamba pua itawalinda. Lakini kadiri gesi inavyozidi, neva za kunusa hulemewa. Ikikaribia sehemu 100 kwa milioni, dakika chache tu zinatosha kuzizima kabisa. Mfanyakazi anadhani upepo umesafisha hewa, kumbe gesi imepanda. Na kiwango hicho cha 100 ndicho kile kile ambacho wataalamu wa usalama kazini wanakihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Hata ikiwa kidogo, ukishinda nayo saa nyingi pua huizoea na kuacha kuijali.

Zaidi ya hapo mambo huenda haraka. Kati ya 500 na 700 mtu hupepesuka na kuanguka ndani ya dakika chache. Ikikaribia 1,000, pumzi moja au mbili zinatosha. Anadondoka kama gunia bila hata kuita. Gesi hii huzuia kimeng'enya ambacho seli hukihitaji ili kutumia oksijeni, kwa hiyo mtu hukosa hewa ilhali damu yake imebeba oksijeni ya kutosha. Kituo cha ubongo kinachoendesha upumuaji husimama mapema.

Novemba 1950, huko Poza Rica, Meksiko, gesi hii ilivuja alfajiri kutoka kiwanda cha kusafisha gesi, kwa muda usiofika hata nusu saa. Watu 22 walikufa na 320 wakalazwa. Miongoni mwa dalili walizoeleza wagonjwa ni kupoteza uwezo wa kunusa.

Basi nawaomba: pua inaweza kukuambia gesi ipo, haiwezi kamwe kukuambia haipo. Kazi hiyo ni ya kipima gesi. Kiteremshe kwa kamba kabla kichwa chako hakijavuka mdomo wa shimo, upime juu, katikati na chini kabisa, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Kisha kivae kifuani muda wote wa kazi. Kupima mara moja asubuhi hakutoshi: matope yakikorogwa hutoa gesi iliyokuwa imenaswa ndani yake, na shimo lililokuwa salama saa mbili linaweza kuua saa tatu.

Wengine hushusha mshumaa wakiamini kwamba ukiendelea kuwaka, hewa ni nzuri. Gesi hii huwaka na hulipuka. Usifanye hivyo kamwe.

Wapo pia wanaomnywesha maziwa aliyevuta gesi, wakiamini yanaondoa sumu. Nitasema mara moja tu: sumu iliyoingia kwa mapafu haitolewi kwa tumbo, na kumnywesha aliyezimia ni kumpalia. Kitambaa chenye maji na barakoa ya vumbi navyo havizuii gesi.

"Nitabana pumzi nimvute." Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu anayeisema anampenda mwenzake. Kumbeba mtu mzima aliyelegea ni kazi nzito, na kazi nzito hudai pumzi. Ndiyo maana katika ajali za mashimo mara nyingi tunatoa miili miwili, mitatu: wa kwanza aliyeanguka, na waliomfuata. Anayeshuka kuokoa awe na mtungi wa hewa na amefungwa kamba. Au mfanyakazi anayeshuka shimoni awe amevaa mkanda wa kuokolea tangu mwanzo, avutwe kutoka juu bila mtu mwingine kuingia. Mkanda huo naudai kila ninapokwenda kukagua, na kila mara naambiwa unachelewesha kazi.

Na aliyezinduka asirudishwe kazini wala kupelekwa nyumbani akalale. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, huku mwenyewe akisema yuko sawa. Apewe oksijeni, apelekwe hospitali aangaliwe, na wenzake wamweleze daktari alitolewa wapi na alikaa bila fahamu kwa muda gani. Wiki zinazofuata, familia ifuatilie kumbukumbu yake, usingizi wake na maumivu ya kichwa.