Msukumo wa sanaa unapoanzia kwenye kopo la rangi

Katika kufundisha uchoraji hapa Dar es Salaam, swali ninaloulizwa kuliko yote ni la mada: nichore nini? Anayeuliza huwa ameshajiaminisha kwamba mtaani kwake hakuna kitu, na kwamba mpaka apate nauli ya kwenda Serengeti ndipo atakapopata la kuchora. Kwa maoni yangu, swali hilo limeanzia mwisho, kwa sababu mazingira ya kila siku huingia kwenye kazi ya msanii kupitia vifaa na mwanga kabla hayajaingia kupitia mada.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Husemwa kwamba aliyachora mazingira yake, ilhali Oysterbay, picha zake zilikouzwa, hapakuwa na chui wala tembo wa kumtazama akipita. Kilichopatikana madukani ni hadibodi ya kujengea na rangi ya kopo ya kupakia baiskeli, na naamini mtindo wake unadaiwa mengi na vitu hivyo viwili. Rangi ile ni nzito, inang'aa, na haikubali kulainishwa polepole juu ya ubao. Kwa hiyo sehemu ya nyuma ya picha hupakwa rangi moja bapa, mnyama akaujaza ubao karibu mpaka ukingoni, na mapambo yakaja kwa nukta na mistari.

Mwanga nao una tabia za mahali. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini, vivuli vikajikunja chini ya vitu, na hata ukuta wa mabati ukapoteza migongo yake. Mwanafunzi anayetaka vivuli virefu atoke saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Anayetaka picha bapa asiikimbie adhuhuri.

Mada sasa, nayo haiko mbali. Nenda genge la jirani, penye mafungu ya nyanya, nne chini na moja juu, chini ya turubai la buluu. Kitazame kivuli kilichoko kati ya nyanya mbili. Turubai limekitia ubuluu, nyanya moja imerudisha wekundu wake kwenye ubavu wa mwenzake, na pale zinapokaribia kugusana rangi huelekea zambarau. Anayechora kwa kukumbuka atapaka nyeusi, na nyanya zitaonekana kama zimekatwa kwa mkasi. (Mwenye genge aombwe ruhusa kwanza, na fungu moja linunuliwe, meza ile ni kazi yake.)

Zoezi ninalolitoa ni kutoboa tundu la mstatili kwenye kipande cha boksi, kuchungulia pembe moja ya meza hiyo, na kuchora maumbo ya nafasi zilizo wazi kati ya mafungu kabla ya kuzichora nyanya zenyewe, kisha kurudi pale pale wakati mwingine wa siku. Asiye na penseli laini atumie mkaa wa jiko. Ule mgumu hukwaruza karatasi, basi achague kipande chepesi kinachoacha unga kidoleni, na achore juu ya karatasi ya kaki, ambayo hushika unga huo vizuri kuliko karatasi laini ya fotokopi.