Maana ya "lugha za Iberia", na kwa nini si "Kiiberia"

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili katika parokia yetu hapa Lubumbashi, baba anayetusomea matangazo alituomba tumshukuru Mungu kwa ajili ya binti mmoja wa jumuiya yetu aliyepata nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo. Alisema kwamba binti huyo "atasoma Kihispania, yaani Kiiberia". Tulipiga makofi, nami nilipiga kwa furaha ya kweli. Hata hivyo, neno hilo Kiiberia nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, kwa wazazi, kwa wanafunzi waliomaliza mtihani wa Serikali, hata kwa mwalimu mwenzangu, na kila mara limetumika kana kwamba ni jina la kisomi la Kihispania. Mama wa binti alinionyesha barua yenyewe, aliyoihifadhi katikati ya kitabu chake cha nyimbo. Fani iliyotajwa humo ni Kihispania na lugha na tamaduni za Iberia. Maneno ni "lugha" na "tamaduni", kwa wingi, na kabla yake kuna kiunganishi kinachoonyesha kwamba Kihispania ni kimoja tu kati ya vingi.

Iberia ni rasi kubwa iliyoko kusini-magharibi mwa Ulaya, ng'ambo ya milima ya Pirenei, na ndani yake mna Uhispania, Ureno, nchi ndogo ya Andorra na Gibraltar iliyo chini ya Uingereza. Lugha za Iberia ni zile zilizokulia katika rasi hiyo: Kihispania, Kireno, Kikatalani, Kigalisia, Kibaski, pamoja na nyingine zenye wasemaji wachache kama Kiasturia, Kiaragoni na Kimiranda. Mwanafunzi wa fani hii kwa kawaida hushika Kihispania kama nguzo, akaongeza lugha nyingine moja au mbili za rasi, na kusoma fasihi, historia na sanaa za wale wanaozisema.

Jina lenyewe lilitoka kwa wageni. Wagiriki wa kale waliofika kwa merikebu kwenye pwani ya mashariki waliita Iberia nchi iliyokuwa karibu na mto Iber, ambao leo unaitwa Ebro, unaopita Zaragoza na kumwaga maji yake katika Mediteranea. Mto huo haugusi Ureno hata kidogo, lakini jina liliendelea kupanuka hadi likafunika rasi nzima. Sisi wa Kongo tusishangae, maana na sisi tumeitwa kwa mto. Jina Zaire, ambalo nchi yetu ililibeba kuanzia 1971 hadi 1997, ni jinsi Wareno walivyolitamka neno la Kikongo nzadi, yaani mto, baada ya Diogo Cão kufika kwenye mlango wake miaka ya 1480. Msomi wa lugha za Iberia atakutana na Wareno hao mapema sana katika masomo yake, na atakutana pia na barua ambazo mfalme Afonso wa Kongo, Nzinga Mbemba, alimwandikia mfalme wa Ureno kwa Kireno mwaka 1526 akilalamikia biashara ya watumwa.

Warumi hawakutumia sana jina la Wagiriki. Wao waliiita rasi hiyo Hispania, na wataalamu wengi wanaona kwamba neno hilo lilitoka kwa Wafoinike, likiwa na maana ya nchi ya pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe. Inadhaniwa kwamba mabaharia hao waliwaona sungura wengi, na kwa kuwa hawakuwazoea, wakawaita kwa jina la mnyama wa kwao aliyefanana nao. Jambo la kushika hapa ni kwamba Hispania ya Warumi ilikuwa rasi yote, pamoja na jimbo la Lusitania ambalo sehemu yake kubwa leo ni Ureno. Katika Kiswahili wako wanaoita nchi ya leo Hispania na wako wanaoiita Uhispania. Mimi hupendelea Uhispania kwa dola ya leo, ili Hispania ibaki kuwa ya Warumi, kwa sababu mkanganyiko mwingi huanzia hapo: mtu husoma kwamba Hispania na Iberia ni majina mawili ya mahali pamoja, jambo lililokuwa kweli wakati wa Warumi, miaka 2000 hivi iliyopita, kisha analipeleka kwenye ramani ya leo, na Ureno nzima inapotea.

Kiambishi chetu cha ki- kinazidisha kosa. Katika Kiswahili, ukikiweka ki- mbele ya jina la mahali au la watu, unatangaza kwamba kuna lugha moja yenye jina hilo. Mtu akiniambia kwamba amejifunza "Kikatanga", nitamwuliza ni kipi: Kiluba, Kisanga, Kibemba, Kiruund au Kihemba? Katanga ni nchi ya lugha nyingi, na hakuna mzee hata mmoja kati ya wazee wetu atakayekubali lugha yake imezwe na jina la jimbo. Iberia ni vivyo hivyo. Tena, wataalamu wanaposema Kiiberia kwa umoja wanakusudia lugha moja iliyokufa zamani sana, iliyoandikwa kwenye mawe na vibati vya risasi upande wa mashariki wa rasi kabla na mwanzoni mwa utawala wa Warumi. Maandishi yake yalianza kusomeka katika miaka ya 1920 kwa kazi ya Manuel Gómez-Moreno: leo mtaalamu anaweza kuyatamka kwa sauti, herufi baada ya herufi, lakini maana yake haijajulikana. Hiyo ndiyo lugha ambayo tangazo letu la Jumapili lilimpa binti wa watu aende kuisoma.

Kosa la pili linaniuma zaidi. Ni lile la kusema kwamba hizo nyingine ni lahaja za Kihispania. Kihispania chenyewe kilianza kama lugha ya eneo moja, Kastilia, yaani nchi ya ngome, na ndiyo sababu wengi hukiita Kikastilia hadi leo. Antonio de Nebrija alipochapisha sarufi yake mwaka 1492, aliiita sarufi ya lugha ya Kikastilia. Akademia ya Kifalme ya Uhispania iliendelea kuiita kamusi yake ya Kikastilia mpaka toleo la 1925. Katiba ya Uhispania ya 1978 inasema kwamba Kikastilia ndiyo lugha rasmi ya dola, na kwamba lugha nyingine za Uhispania nazo ni rasmi katika maeneo yao. Kikatalani na Kigalisia hazikutoka katika Kikastilia. Zote ni watoto wa Kilatini, kama Kireno, na hakuna ndugu anayegeuka kuwa mtoto wa ndugu yake kwa sababu tu huyo ana mali nyingi zaidi. Katika karne ya 13, Alfonso wa Kumi, mfalme wa Kastilia, alipotaka nyimbo za kumsifu Bikira Maria, zilitungwa kwa Kigalisia-Kireno, yaani Kigalisia na Kireno vilipokuwa bado lugha moja, maana hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya ushairi.

Kibaski hakimo hata katika ukoo huo. Nyumba ni casa kwa Kihispania, Kireno, Kikatalani na Kigalisia, lakini kwa Kibaski ni etxe, na hakuna lugha nyingine hai duniani ambayo imethibitishwa kuwa ndugu yake. Hata hivyo majirani walikopa kwake jina la upande wa kushoto: ezkerra ya Kibaski ikawa izquierda, esquerda na esquerra. Kwa hiyo Kibaski ni lugha ya Iberia kwa makazi, ingawa si kwa damu, na neno "Iberia" katika jina la fani linahesabu makazi.

Makazi nayo huhama. Hapa mjini kwetu liko sinagogi lililojengwa mwaka 1930, wakati mji ukiitwa Elisabethville, na Wayahudi wengi waliolijenga walitoka kisiwa cha Rhodes. Mababu zao walifukuzwa Uhispania mwaka 1492, wakaondoka na Kihispania cha wakati ule midomoni mwao, na baada ya zaidi ya karne nne wajukuu wao walikuwa bado wanakisema majumbani, mpaka wakakileta Katanga. Lugha hiyo inaitwa Kiladino, na ndani yake nyumba ni kaza, kwa z ambayo Wahispania wenyewe walishaiacha. Mara nyingi nipitapo mbele ya jengo hilo huwaza kwamba kipande cha somo la binti wetu kiliwahi kuzungumzwa katika maduka ya mji huu.

Nimekwenda kumwona baba wa matangazo nyumbani kwake, kwa heshima anayostahili, nikamwandikia sentensi moja ya kusoma siku ya kumuaga binti: "Atasoma Kihispania, pamoja na lugha nyingine za Iberia." Aliisoma mara mbili kwa sauti, akaniuliza hizo nyingine ni zipi. Nikamjibu kwamba binti mwenyewe ameshachagua kuanza na Kireno, kwa kuwa baba yake huendesha lori mpaka Dilolo, mpakani mwa Angola, na tangu utoto wake amemsikia akirudi na maneno ya huko. Akachukua kalamu, akaongeza mwishoni: "akianza na Kireno".