Jinsi Lebo Inavyosafirisha Data Kutoka Westlands Hadi Mombasa

Kampuni nyingi za Nairobi zenye matawi mikoani huuziwa huduma ya MPLS (Multiprotocol Label Switching, yaani kupitisha data kwa lebo) na kuambiwa tu kwamba ni "laini salama". Anayelipia huduma hiyo kila mwezi anastahili kujua kinachofanyika ndani yake.

Katika mtandao wa kawaida wa IP, kila ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data, husoma anwani ya pakiti (kipande cha data kinachosafiri) na kutafuta upya njia ya kuipitisha. Kwenye MPLS, ruta za katikati haziigusi anwani hiyo. Tuseme tawi la Westlands linatuma pakiti Mombasa. Ruta ya mtoa huduma iliyo mlangoni husoma anwani, hubandika lebo, tuseme namba 30, kisha huituma. Ruta ya pili huangalia jedwali lake: ikija 30, weka 47, itoe kwa mlango wa 2. Basi. Kwa kawaida ruta iliyo kabla ya ile ya mwisho ndiyo huibandua lebo.

Hiyo 30 haina maana popote ila kati ya ruta hizo mbili jirani, na anayeichagua ni mpokeaji. Kwa LDP, itifaki ambayo ruta hupeana lebo, ruta ya mbele huitangazia ya nyuma: pakiti za kwenda kule, niletee zikiwa na namba hii.

Lebo nzima ni biti 32. Namba yenyewe huchukua 20, daraja la huduma 3, na kikomo cha hatua (ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita) 8. Biti moja iliyobaki huonyesha kama chini yake kuna lebo nyingine. Biti hiyo naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: lebo ya juu huvusha pakiti, ya chini hutambulisha mteja. Ndiyo maana kampuni mbili zinaweza kutumia anwani zilezile za ndani za 10.0.0.0 bila data zao kuchanganyika.

IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, ilipochapisha muundo huu mwaka 2001, wengi waliupendea kasi. Leo ruta kubwa husoma anwani za IP kwa kasi hiyohiyo. Kilichobaki ni uwezo wa kuchagua njia na kutenganisha wateja.

Kutenganisha, lakini, si kuficha. Lebo haisimbi chochote: mwenye uwezo wa kunasa pakiti ndani ya mtandao wa mtoa huduma anaweza kuisoma. Sacco au hospitali inayopitisha taarifa za watu humo iweke usimbaji wake yenyewe, kwa mfano IPsec, kati ya ruta za matawi yake.