Kabla ya Kwenda Sokoni: Kula Kilichomo kwenye Friza na Kabati Bila Kupoteza Fedha wala Afya

Kazi yangu ni teknolojia ya chakula, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya ndani ya majiko ya watu hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tabata hadi Mikocheni, nikiwasaidia kupanga namna ya kuhifadhi na kutumia chakula. Ninachokikuta katika nyumba nyingi ni kile kile: friza imejaa hadi mlango hufungwa kwa kusukumwa, kabatini kuna viroba kadhaa vya unga vilivyofunguliwa na kuachwa nusu, na bado kila jioni mtu hutumwa gengeni na buchani kutafuta kitoweo cha siku hiyo. Nyumba hiyo inanunua kwa mara ya pili kitu ambacho tayari inacho, huku kile cha kwanza kikiendelea kushuka ubora, kikitumia umeme, na mwishowe kikitupwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hasara hiyo ilitokea majumbani, wala si mahotelini au madukani.

Ninachowashauri watu ni kugeuza mpangilio kwa wiki mbili au tatu. Badala ya kuamua mtakula nini kisha kwenda kununua, anzeni na kilichopo, halafu mnunue tu kinachokosekana ili kilichopo kiwe mlo kamili. Ugumu hauko kwenye mapishi, kwa sababu mpishi yeyote wa pwani anajua la kufanya na kunde, mchele na kipande cha samaki. Ugumu uko kwenye kujua kipi kiliwe kwanza, kipi kinaweza kusubiri, na kipi kisiliwe kabisa hata kama kinauma kukitupa.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Toa kila kitu, andika jina, kiasi na tarehe kama unaikumbuka, kisha bandika karatasi hiyo kwenye mlango wa friza. Kama nyumbani kuna dada wa kazi, fanya hesabu hiyo pamoja naye na umwachie kalamu, kwa kuwa katika nyumba nyingi yeye ndiye anayejua kwamba chini kabisa, nyuma ya barafu, kuna mfuko wa nyama ya Idi ambao haujaguswa. Orodha iliyoandikwa na mama au baba mwenye nyumba peke yake hufa ndani ya siku chache, kwa sababu anayepika hakushirikishwa.

Sasa kuhusu friza yenyewe. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri husimamisha bakteria lakini haiwaui, na haizuii kabisa mafuta ya chakula kuchacha. Ndiyo maana samaki wenye mafuta mengi, kama vibua, dagaa wabichi na jodari, hubaki wazuri kwa miezi miwili au mitatu tu, ilhali changu na samaki wengine wasio na mafuta mengi huweza kufika miezi sita. Nyama ya kusaga itumike ndani ya miezi mitatu au minne, kwa kuwa imeguswa na mashine na hewa kila upande. Kuku wa vipande hukaa takriban miezi tisa, na kuku mzima au pande kubwa la nyama ya ng'ombe huweza kukaa hata mwaka. Muda huu unahusu ladha na ubora wa chakula ambacho hakijawahi kuyeyuka. Yale mabaka meupe, makavu, yanayoonekana juu ya nyama iliyokaa muda mrefu si ugonjwa. Ni sehemu zilizopoteza maji kwa sababu hewa iliingia kwenye mfuko. Zikate, kisha pika nyama iliyobaki kwa mchuzi badala ya kuchoma. Kwa hiyo foleni ya friza huanza na vibua na jodari, hufuata nyama ya kusaga, na yale mapande makubwa ya ng'ombe hayana haraka.

Jambo linalonisumbua zaidi ni namna tunavyoyeyusha. Samaki hutolewa asubuhi, akawekwa kwenye beseni juu ya meza, akapikwa jioni baada ya watu kurudi kazini. Katika joto la Januari la mji huu, linalopita nyuzi 30, nje ya samaki huwa imefikia joto la jikoni saa nyingi kabla ya ndani kuyeyuka, na bakteria wengi huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa jodari na vibua hatari ni ya kipekee: bakteria hao hutengeneza kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondolewi kwa kukaanga, kwa kuchemsha wala kwa kugandisha upya. Mlaji huwashwa mdomo, uso humwiva, kichwa humgonga, na mara nyingi familia hudhani ni mzio tu. Hamisha samaki kutoka friza kwenda chini kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kupika. Ukiwa na haraka, mtumbukize ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kwenye maji baridi, na ubadilishe maji hayo kila nusu saa. Anayenunua samaki Feri na kutaka kuwagandisha aende na chombo chenye barafu, kwa sababu histamini iliyotengenezwa njiani haitaondoka kwa kuwa samaki sasa ni mgumu kama jiwe.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hutunza baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24, na friji ya kawaida kwa saa nne tu. Ili ujue kilichotokea ukiwa umesafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu na ukiache humo humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, fahamu kwamba kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena, na nyama au samaki waliokuwemo wasiliwe. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani yake kinaweza kugandishwa tena, ingawa kitapoteza maji na ulaini kidogo.

Kabatini mambo ni tofauti, kwa kuwa adui wa Dar es Salaam ni unyevu. Unga wa dona una kiini cha hindi pamoja na mafuta yake, hivyo huchacha mapema kuliko sembe; nunua kidogo, na uutumie kabla ya sembe hata kama ulinunuliwa baadaye. Fukusi kwenye mchele au unga wanachukiza lakini hawaui: mchele utandazwe juani, upepetwe na kuchaguliwa, na unga uchekechwe. Anayetaka kuzuia tatizo mapema aweke unga mpya kwenye friza kwa siku nne, na mayai ya wadudu yatakufa.

Kuvu ni habari nyingine kabisa. Mahindi, unga na karanga vikipata unyevu huota kuvu wanaotengeneza sumukuvu, na sumu hiyo haiondolewi na joto la jikoni, iwe ni ugali, uji au karanga za kukaanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na ulaji wa muda mrefu wa kiasi kidogo huongeza hatari ya saratani ya ini. Kwa hiyo unga ulioshikamana mabonge yenye rangi ya kijani au kijivu, wenye harufu ya ukungu, utupwe wote. Kuuchekecha huondoa mabonge na kuacha sumu. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitolewe na kutupwa, wala zisisagwe kwa ajili ya kuunga mboga au uji wa mtoto. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona wazazi wenye nia njema wakiokoa kilo mbili za unga kwa gharama ambayo hawaioni.

Maharage ya zamani ndiyo yanayolaumiwa bure. Yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu ganda na kiini chake hubadilika, yakawa hayaivi hata kwa saa tatu, na mkaa au gesi inayoteketea humaliza faida yote. Yaloweke usiku kucha, ndani ya friji kama kuna joto, katika maji yenye chumvi kidogo, kisha umwage maji hayo na uchemshe kwa mapya. Magadi hulainisha haraka zaidi, lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo mimi huyaacha kwa maharage yaliyoshindikana kabisa. Maharage mekundu ni lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi mwanzoni, kwa sababu mabichi yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Pika kilo nzima kwa mara moja, gawa kwa mafungu ya mlo mmoja, gandisha: nishati ya siku moja itakupa kitoweo cha jioni nne au tano, na kilichobaki ni kuunga kwa kitunguu, nyanya na nazi. Kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa nacho huganda vizuri sana, na hata tui la nazi, ingawa hukatika likiyeyuka na huhitaji kukorogwa.

Makopo yaliyovimba yatupwe bila kufunguliwa. Viungo vilivyopoteza harufu havina madhara; ongeza kipimo na uvimalize.

Kiporo cha wali kinahitaji uangalifu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuna bakteria ambao mbegu zake hustahimili kupikwa, na wali ukilala ndani ya sufuria iliyofunikwa juu ya jiko, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Tandaza wali kwenye sinia pana upoe upesi, uingize kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na uliwe kesho yake. Kiasi kidogo kinaweza kusagwa pamoja na mchele uliolowekwa wa vitumbua, na vitumbua vikawa laini zaidi.

Kinachobaki kununuliwa katika wiki hizi ni nyanya, vitunguu, mchicha, ndimu na nazi, na hapa mji wetu una nafuu kubwa: genge liko hatua chache kutoka mlangoni na huuza kwa fungu. Hakuna sababu ya kujaza friji mboga za majani kila Jumamosi kutoka Mabibo au Buguruni kisha kuzitupa Alhamisi. Safari ya soko kubwa ina maana kwa vitu vikavu, tena baada ya kusoma ile orodha ya mlangoni.

Friza ikishakuwa karibu tupu, izime, yeyusha barafu iliyojijenga ukutani, kwa kuwa ikizidi nusu sentimita mashine hufanya kazi kubwa zaidi na yuniti za umeme huisha upesi, kisha osha na kausha. Unapoijaza tena, funga kwa mafungu ya mlo mmoja yaliyobanwa hewa, bandika utepe wa karatasi wenye jina na tarehe, na weka kipya chini, cha zamani juu. Kisha tazama vile vitu viwili au vitatu vilivyobaki hadi mwisho wa orodha bila mtu kuvitaka, pengine tambi zilizonunuliwa kwa ajili ya futari au maini yaliyouzwa kwa bei nafuu, na uviondoe kwenye manunuzi ya mwezi ujao.