Laki nne za Ujerumani: hesabu ya kufanya kabla ya kufunga virago

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi jijini Berlin mnamo Septemba 2024, foleni kwenye dawati letu la ushauri haijapungua. Kwanza tumalize jambo moja ambalo tumelieleza hadi tukachoka: makubaliano hayo hayataji idadi ya nafasi. Zile "ajira 250,000" zilizovuma zilikanushwa na serikali ya Ujerumani yenyewe. Hakuna orodha ya majina, hakuna mgao wa kaunti, hakuna fomu inayouzwa. Anayekuuzia fomu anakuuzia karatasi.

Malalamiko yanayoongezeka sasa ni ya watu wengine kabisa. Ni waliopata mikataba halali, wakasafiri kwa viza halali, na baada ya miezi mitatu wanatuandikia kwamba wamedanganywa. Tukifungua faili tunakuta mkataba ni ule ule waliotia saini. Kilichowaponyoka ni hesabu.

Juzi alifika mzee mmoja na bintiye, aliyepata kazi ya usaidizi katika nyumba ya kulea wazee. Mzee akageuza simu yake nione kikokotoo: 418,500. "Madam, laki nne na ushee kwa mwezi. Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja, sijaiona hata nusu yake." Nikamwuliza binti anakwenda mji gani. Wakatazamana. Mji ulikuwa umeandikwa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ulikuwa umebaki nyumbani.

Mzee hakukosea kuzidisha. Kima cha chini cha mshahara kwa wasaidizi wa uuguzi Ujerumani kimekuwa yuro 16.10 kwa saa tangu Julai 2025. Kwa wiki ya saa 40, hiyo ni yuro 2,790 hivi kwa mwezi, na tukichukua yuro moja kwa shilingi 150 kwa ajili ya hesabu tu, laki nne zinatimia. Tatizo ni kwamba hiyo ni pesa kabla ya makato, na makato ya kule si ya kuchezea. Hapa tunanung'unikia asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba. Kule, mfanyakazi huyo hukatwa asilimia 9.3 ya pensheni, asilimia 8 na nusu hivi ya bima ya afya, asilimia 1.3 ya bima ya kukosa kazi, na asilimia 2.4 ya bima ya matunzo, yaani ya kuhudumiwa uzeeni au ukilemaa, ikiwa amepita miaka 23 na hana mtoto. Hiyo ni kama yuro 600. Kodi ya mapato kwa mtu asiye na ndoa ni yuro 250 na kitu. Mkononi zinabaki takriban 1,930.

Kuna kato moja ambalo halimo kwenye mkataba, nalo huwashangaza hasa watu wa kanisa. Ukihamia kwenye makao yako unatakiwa na sheria kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, ukiwa na pasipoti na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umeingia. Barua hiyo si mkataba wa kupanga. Mkataba hauchukui nafasi yake. Ukichelewa unaweza kutozwa faini ya hadi yuro 1,000. Katika usajili huo utaulizwa dini yako. Ukijiandikisha kuwa Mkatoliki au Mprotestanti, Walutheri wakiwemo, utakatwa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, au 8 ukiwa Bavaria na Baden-Württemberg. Kwa mshahara wa mfano wetu ni yuro 20 hadi 23 kila mwezi. Waislamu na waumini wa makanisa mengi ya kipentekoste haiwagusi. Ofisi hii haimshauri mtu yeyote aikane imani yake kwa sababu ya yuro 20. Tunachomwomba ni aijue kodi hiyo mapema, badala ya kutupigia simu akidai mwajiri anamwibia zaka.

Sasa mji. Kima cha chini ni kimoja nchi nzima, lakini kodi ya nyumba haifuati kima cha chini. Chumba katika nyumba ya kushiriki na wenzako München kinafika karibu yuro 800. Chemnitz utakipata kwa chini ya nusu ya hiyo; tuseme 300. Toa tikiti ya mwezi ya treni za mikoa na mabasi nchi nzima, yuro 63 tangu Januari 2026. Toa chakula cha mtu anayejipikia, tukadirie 250. Toa simu, intaneti na fungu lako la ada ya redio na televisheni, kama 50. Aliye München anabaki na yuro 767, na wa Chemnitz 1,267. Kazi ni moja na sare ni moja, ila kila mwezi wanapishana kwa shilingi 75,000. Kwa hiyo tukikuuliza mji hatukuulizi ili kujaza fomu.

(Ada hiyo ya redio ni yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Barua zake hufanana na matangazo ya biashara na watu huzitupa. Usizitupe.)

Kuhusu nyumba kuna mambo ambayo aliyezoea bedsita ya Umoja au Githurai hawezi kuyakisia. Tangazo litaonyesha bei mbili. Ile ya chini, Kaltmiete, ni kuta tupu. Ile ya juu, Warmmiete, imejumlisha maji, taka na kwa kawaida joto. Umeme mara nyingi haumo kwenye hata moja. Malipo ya joto ni makadirio, na mwisho wa mwaka mwenye nyumba hupiga hesabu ya ulichotumia kweli. Aliyeacha kipasha joto kikiwaka huku dirisha liko wazi hupata bili ya mamia ya yuro. Amana inaweza kufika miezi mitatu ya Kaltmiete, ingawa sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu, na wengi wa watu wetu hawalijui hilo. Isitoshe, nyumba nyingi hukodishwa bila jiko. Simaanishi meko pekee. Nilipigiwa simu ya video na kijana aliyeingia nyumba yake ya kwanza: ukutani mabomba mawili yaliyozibwa, darini waya uliotoka bila taa. Alidhani ameibiwa. Nyumba ilikuwa sawa kabisa kwa desturi ya kule. Aliyekuwa akihama alikuwa ameondoka na sinki lake.

Wengi huja na picha za tovuti zinazolinganisha gharama za miji. Zitumieni kwa tahadhari. Nyingi hutegemea bei zinazoingizwa na watumiaji wenyewe, na kapu la matumizi wanalolinganisha lina chakula cha mkahawani na ada ya ukumbi wa mazoezi. Kapu lako wewe lina unga, mafuta ya kupikia, kifurushi cha simu na karo ya mdogo wako. Andika kapu lako, kisha kila kitu ukipime kwa saa za kazi. Mwezi wa nyumba yako ya sasa ni saa ngapi za kazi yako ya sasa? Chumba cha München ni saa ngapi za kazi ya kule, baada ya makato? Kipimo hicho hakiyumbi shilingi inapopanda na kushuka.

Kuna upande ambao kikokotoo hakiuoni, na hapo Ujerumani inashinda katika mengi. Baada ya wiki nne kazini, ukiugua mwajiri hukulipa mshahara kamili hadi wiki sita. Shule za umma hazina karo, na mzazi anayestahili hulipwa posho ya mtoto, yuro 259 kwa mwezi tangu Januari 2026. Ukimlinganisha na mtu aliyeko hapa anayelala macho kila Januari kwa ajili ya karo, huo si ubora wa maisha wa kubeza. Lakini Desemba mjini Berlin jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa. Hakuna shangazi wa kumshika mtoto ukiwa zamu ya usiku. Na mwenzi unayetaka kumfuatisha kwa kawaida atadaiwa Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, kabla ya kupewa viza; mapenzi hayahesabiki kama cheti.

Halafu familia. Binti yule nilimwuliza atatuma nyumbani kiasi gani. Mzee ndiye aliyejibu: laki mbili. Kwa yuro ni 1,333. Hata Chemnitz haitoshi. Nikaiandika hesabu kwenye karatasi, tukakaa kimya kidogo, kisha wakaanza kuzungumza kwa lugha yao. Walipomaliza walikuwa wamefika elfu sabini, na mzee akaniomba karatasi ile aende nayo kwa mama yake binti.

Kwa upande wa taratibu. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mkataba wa kazi ya nje ya nchi lazima uwe katika muundo uliowekwa, utiwe saini na pande zote na kushuhudiwa na afisa wa leba. Picha ya mkataba kwenye simu haishuhudiwi. Wakala awe amesajiliwa. Hakikisha usajili haujaisha muda, kwa kuwa cheti kilichoning'inizwa ukutani kinaweza kuwa cha zamani. Kutoa maelezo ya uongo ili kupata kibali cha kuishi Ujerumani ni kosa linaloweza kukufunga hadi miaka mitatu, na cheti cha lugha cha kununua kimo humo humo. Anayesafirisha watu kwa ulaghai ili wanyonywe, sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Usiache kazi yako ya sasa kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti. Na mkija, leteni mkataba wote, kurasa zote, ukiwemo ule wenye jina la mji.