Kiwanja kimoja, hati mbili: kufuli za LVM kwenye diski ya pamoja

"Fundi, hebu njoo uone mwenyewe, faili la hesabu limegoma." Aliyepiga simu ni mhasibu wa ofisi moja hapa Kigoma mjini ambayo nimeihudumia kwa miaka kadhaa. Nilifika, nikajaribu kulifungua, programu ya hesabu ikakataa. Nikalitazama kwa hexdump, programu inayoonyesha yaliyomo kwenye faili baiti kwa baiti. Nusu ya kwanza ilikuwa safi: tarehe, namba za risiti, majina ya wateja. Halafu, katikati ya namba, zikatokea herufi nne: JFIF. Anayefanya kazi hii anazijua. Zinakaa mwanzoni mwa picha za JPEG. Kulikuwa na picha ndani ya hesabu.

Ofisi ile ilikuwa na seva mbili na kabati moja la diski lililounganishwa nazo kwa iSCSI, yaani diski inayofikiwa kupitia mtandao. Seva ya kwanza ilishika hesabu, ya pili ilihifadhi nyaraka zilizoskaniwa. Zote mbili ziliiona diski ileile, na zote ziliigawa kwa LVM, programu ya Linux ya kugawa diski. Mpangilio huo niliuweka mimi.

LVM huikata diski vipande vidogo, kwa kawaida vya megabaiti 4 kila kimoja, na mwanzoni mwa diski huandika ramani: vipande hivi ni vya voliumu (sehemu ya diski) ya hesabu, hivi ni vya nyaraka, hivi bado viko wazi. Ramani hiyo ndiyo metadata. Ichukulie kama daftari la ofisi ya ardhi. Kiwanja ni kilekile ardhini, lakini mmiliki anajulikana kwa kilichoandikwa daftarini. Sasa fikiria makarani wawili, na mmoja wao hasomi daftari lenyewe. Anasoma nakala aliyoitoa wiki iliyopita na kuifungia kwenye droo yake.

Nakala ile kwenye droo ilikuwa na jina: lvmetad. Ni huduma iliyokuwa ikiwashwa yenyewe kwenye CentOS 7, mfumo wa Linux uliokuwa kwenye seva zile. Kazi yake ilikuwa kukumbuka metadata ili amri za LVM zisilazimike kusoma diski zote kila mara. Kwenye mashine yenye diski zake peke yake haina tatizo lolote. Kwenye diski ya pamoja ni hatari, na maelezo ya programu yenyewe yalionya hivyo. Mimi sikuizima.

Jumatatu niliiongezea voliumu ya hesabu gigabaiti 50 nikiwa kwenye seva ya kwanza. Hivyo ni vipande 12,800. Siku chache baadaye nikaingia seva ya pili kutengeneza voliumu mpya ya nyaraka. Lvmetad ya huko ilikuwa bado na ramani ya kabla ya Jumatatu, kwa hiyo iliviona vipande vilevile kuwa viko wazi. Ikavigawa upya, kisha ikaiandika ramani yake juu ya ile ya kweli. Seva ya kwanza haikushtuka, maana keneli yake, kiini cha mfumo, iliendelea kutumia mipaka iliyokwisha kuipakia kwenye kumbukumbu. Kiwanja kimoja kikawa na hati mbili, na wenye hati wote wakaanza kujenga.

Kilichoniokoa ni folda ya /etc/lvm/archive. LVM huweka humo ramani ya zamani kila inapobadilishwa, pamoja na saa na amri iliyoibadilisha. Nilizichukua za seva zote mbili nikazipanga kwa saa, na mahali zilipogongana pakaonekana wazi. Hesabu tulizirudisha kutoka kwenye bakapu ya usiku wa jana yake. Nyaraka zilizoharibika ziliskaniwa upya, siku mbili nzima, na vijana waliokaa kwenye skana hawakuwa na kosa lolote.

Kwa ajili ya siku mbili zile nazichukulia kwa uzito habari za LVM ambazo wengi huzipita. Mwaka 2018 lilitoka toleo 2.03.00, na ndani yake yaliondolewa mambo mawili makubwa kwa mpigo: lvmetad na clvmd. Nakala ya kwenye droo haipo tena. Kila amri inasoma ramani kutoka diski yenyewe. Hilo peke yake lingetosha kunifurahisha.

Clvmd nayo ilikuwa na kisa chake. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia rasmi ya kulinda voliumu za pamoja. Seva ziliulizana kwa mtandao nani ameshika nini, na chini yake ulihitaji klasta kamili, yaani seva zinazofanya kazi kama kundi moja kwa programu za corosync na dlm, pamoja na namna ya seva moja kuizima nyingine endapo hazisikilizani. Kwa ofisi yenye seva mbili ni mzigo, ndiyo maana wengi wetu tuliiruka, na tukaishia nilikoishia mimi. Tena mji wetu uliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi, na kukatika kwa umeme si habari ngeni. Mara nyingi swichi ya mtandao hufa kabla ya seva, kwa sababu UPS imenunuliwa kwa ajili ya seva tu. Hapo seva zinabaki hai zote mbili, kila moja ikidhani mwenzake amekufa.

Iliyochukua nafasi ya clvmd ni lvmlockd. Inaweza kufanya kazi na dlm kama zamani, au na sanlock, na hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa ofisi za huku. Sanlock huweka kufuli kwenye diski yenyewe ya pamoja. Seva hazihitaji kuulizana kwa mtandao wao. Mtu anakwenda moja kwa moja kwenye daftari, anasaini, ndipo anagusa kiwanja. Kila seva ina sehemu yake kwenye diski, na kila baada ya sekunde 20 inaandika hapo kuonyesha kwamba iko hai. Ikishindwa kuandika kwa sekunde 80, sanlock ya seva hiyo inajua imepoteza haki ya kufuli zake. Ikishindwa pia kuziachia voliumu, wochidogi, kipima muda kinachoilinda mashine, huiwasha upya kwa nguvu. Seva nyingine nayo haidandii. Inasubiri mpaka zipite sekunde 140 tangu alama ya mwisho, yaani zile 80 na nyingine 60 za wochidogi, ndipo inaamini mwenzake hayupo. Mtu aliyewahi kuona JFIF katikati ya hesabu haoni kwamba sekunde hizo ni nyingi.

Waliokuwa CentOS 7 hawakuwa na namna ila kuhama, maana masasisho yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024. Ofisi ile tuliihamishia AlmaLinux 9, mfumo mwingine wa Linux. Niliweka lvm2-lockd na sanlock, nikawasha use_lvmlockd kwenye lvm.conf, kisha kila seva nikaipa namba yake ya host_id ndani ya lvmlocal.conf. Hapa nasisitiza. Namba ni kati ya 1 na 2000, na seva mbili zisiwe na namba moja. Ukinakili diski ya mfumo kutoka seva moja kwenda nyingine, namba nayo inanakiliwa. Nimeandika namba kwa wino kwenye uso wa kila seva, ili hata fundi mwingine akija asihitaji kunipigia.

Kubadili kundi la voliumu lenyewe (diski pamoja na voliumu zake zote) ni amri moja, vgchange --lock-type sanlock, lakini lazima voliumu zote ziwe zimezimwa kwenye seva zote, na kundi liwe na nafasi iliyo wazi. LVM hutengeneza humo voliumu iliyofichwa iitwayo lvmlock, ya megabaiti 256, na kufuli zote zinakaa humo. Kisha kila seva hujiunga kwa vgchange --lock-start. Tangu hapo ukiwasha voliumu kwa kawaida unaishika peke yako. Seva ya pili ikiijaribu inaambiwa imefungwa na mwingine.

Tahadhari moja ya haraka: kufuli hizi hazigeuzi XFS wala ext4, mifumo ya faili ya kawaida ya Linux, kuwa mfumo wa faili wa kushirikiana. Ukitaka seva mbili zisome na kuandika voliumu moja kwa wakati mmoja, hiyo ni kazi ya GFS2 au OCFS2.

Kilichonitoa jasho siku ile ya kuhama ni kitu kingine kabisa. Ilikuwa Jumapili, ofisi imefungwa, mlinzi tu yuko getini. Nikaandika pvs, amri ya kuorodhesha diski za LVM. Kimya, hakuna hata mstari mmoja. Diski nilikuwa naiona kwenye lsblk, orodha ya diski za mashine, na multipath, inayounganisha njia mbili za kufikia diski moja, inaonyesha njia zote mbili nzima, lakini kwa LVM hakukuwa na kitu. Kumbe tangu toleo 2.03.12 la mwaka 2021 kuna faili la system.devices ndani ya /etc/lvm/devices, na kwenye mifumo ya kizazi hiki cha 9 linatumika tangu mwanzo. LVM haigusi diski ambayo haijaandikwa humo. Niliiandikisha kwa lvmdevices --adddev, nikitaja jina la multipath na si njia mojamoja, na kundi likatokea likiwa zima. Naupenda utaratibu huu. Seva haichukui tena kila diski inayopita mbele yake kwenye mtandao wa hifadhi.

Umeme ukikatika ghafla, seva hazipati muda wa kuachia kufuli zake vizuri. Zinaporudi, --lock-start hukaa dakika mbili hadi tatu kabla ya kukubali. Mhasibu hunipigia: "Fundi, mbona hesabu hazijafunguka?" Namwambia, "Vuta subira kidogo mama, seva inahakikisha hakuna mwingine aliyeshika faili lako." Safari ya mwisho alikata simu, na kabla sijafika ofisini akanitumia ujumbe kwamba zimefunguka.